Nilidhani Nimehamisha Mipangilio, Kumbe Nimehamisha Anwani

Mkono wangu wa kushoto una akili zake. Kwa miaka mingi umejua kwamba kunakili ni C. AutoCAD, programu ninayochorea michoro ya majengo, yenyewe inakuja na CO au CP, lakini mimi ni C tupu, kisha kitufe cha nafasi. Asubuhi ya kwanza kwenye kompyuta mpya nilichagua meza nane kwenye mchoro wa ukumbi, nikabonyeza C, nikagonga nafasi, programu ikaniuliza kitovu cha duara kiwe wapi. Nikafuta kwa Escape. Nikachagua tena meza zangu, C, nafasi. Kitovu cha duara kiwe wapi? Kichwa kilikuwa kimeshaelewa, mkono ulikuwa bado haujapata taarifa. Kufika mchana nilikuwa nimechora maduara ambayo hakuna mteja aliyeyaomba, na mengine sikuyaona mpaka kesho yake, yamejificha nyuma ya ukuta kwenye leya ya samani.

Uhamaji wenyewe nilikuwa nimeupangia saa moja. Kompyuta ya zamani ilikuwa imechoka, feni inanguruma kama inapanda mlima, na ikianza kufungua mchoro mkubwa unaweza kwenda kunyoosha miguu ukarudi ukaikuta palepale. Mpya ilikuwa imeshasakinishwa programu, toleo lilelile, leseni inafanya kazi. Kilichobaki, kwa hesabu zangu, ni kuchukua mipangilio upande huu na kuiweka upande ule. Neno lenyewe ndilo lililonidanganya. Ukisema mipangilio unapata picha ya mkoba: unaubeba, unaondoka. Ilinichukua siku tatu kukubali kwamba hakuna mkoba. Kuna vipande kumi na ushei, vimetawanyika kwenye folda ambazo baadhi yake Windows inazificha, na vipande vingi ukivitazama vizuri vimebeba anwani tu. Kitu chenyewe kimebaki nyumba ya zamani.

Nilianza na profaili, kama wanavyoanza wengi. Unaandika OPTIONS, unakwenda ukurasa wa Profiles, unabofya Export, unapata faili ndogo yenye kiendelezi cha .arg. Nikaitia kwenye fleshi, nikaenda upande wa pili, Import, halafu Set Current. Skrini ikawa nyeusi nipendavyo, msalaba wa kipanya ukaenea toka ukingo hadi ukingo. Nikajipongeza. Nikanakili na acad.cuix, faili inayoshika menyu, utepe na vitufe, kwa sababu nilikuwa nimeongeza vitufe vyangu humo kwa miaka. Nikazima programu, nikaiwasha.

Upau wangu wa vitufe ulitokea, mahali pake hasa, kona ya kulia. Ila kila kitufe kilikuwa na picha ileile: kawingu kenye alama ya kuuliza. Vitufe kumi na vinne, vimawingu kumi na vinne. Nikabofya cha tatu kwa kukumbuka nafasi yake, kile cha kupima eneo la chumba na kuandika namba katikati. Mstari wa amri ukanijibu kwamba haujui amri hiyo.

Hapo ndipo nilipofungua ile faili ya .arg kwa Notepad. Ni maandishi matupu, mtu yeyote anaweza kuyasoma: vipande vilivyochotwa kutoka rejista ya Windows (ghala ambamo Windows inaweka mipangilio ya programu). Na humo, mara baada ya mara, niliona D:\VIFAA. D:\VIFAA\LISP. D:\VIFAA\BLOKU. D:\VIFAA\IKONI. Kompyuta ya zamani ilikuwa na diski mbili, na mimi tangu zamani nilikuwa naweka mambo yangu kwenye ya pili. Kompyuta mpya ina diski moja tu. Hakuna D. Profaili ilikuwa imefika salama, imebeba kila anwani kwa uaminifu, na kila anwani ilikuwa inaelekeza mtaa usiokuwepo. Vitufe vilijua picha zao zilikuwa wapi. Programu ilijua itafute wapi amri yangu ya kupima eneo. Hakuna kilichopotea kwenye kumbukumbu, isipokuwa nyumba zenyewe.

Nikanakili folda yote ya VIFAA. Kwa uvivu, au kwa ujanja (siku ile niliuita ujanja), nilitumia amri ya subst ya Windows kuifanya folda ya kawaida ijitangaze kama diski ya D. Vimawingu vikaondoka, picha zikarudi. Nilipozima kompyuta jioni na kuiwasha asubuhi, D ilikuwa imeyeyuka, kwa sababu subst haikumbuki kitu baada ya kuzima. Vimawingu kumi na vinne vikanisabahi.

Turudi kwenye C. Vifupisho vya amri havimo kwenye profaili, wala havimo kwenye menyu. Vina faili yake, acad.pgp, na faili hiyo inakaa ndani ya AppData, folda ambayo Windows inaificha isionekane. Ndiyo maana nilipobofya bofya folda za mtumiaji sikuiona. Njia ya mkato ni kuandika %APPDATA% kwenye upau wa anwani wa dirisha la mafaili, ukashuka Autodesk, ukaingia folda ya toleo lako, ukafuata ile inayoanza na herufi R, kisha enu, kisha Support. Ndani ya faili, kifupisho changu ni mstari mmoja: C, koma, nyota, COPY. Na chini yake CI kwa ajili ya duara. Ni hayo tu. Mistari kama hiyo thelathini hivi ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya mimi mchoraji mwepesi na mimi ninayechapa kama nimevaa glavu.

Jambo moja kuhusu pgp ambalo lingeniokoa baadaye kama ningelijua mapema: kifupisho kikiandikwa mara mbili, cha chini ndicho kinachoshinda. Kwa hiyo huna haja ya kugusa orodha ndefu iliyokuja na programu. Unaweka vya kwako mwishoni, na ukihama unabeba ule mkia peke yake. Mimi kwa miaka nilikuwa naenda katikati ya orodha na kubadilisha palepale, hivyo nilipotaka kujua vipi ni vyangu ilibidi nilinganishe faili mbili mstari kwa mstari. Baada ya kubandika, amri ya REINIT na kuweka tiki kwenye kisanduku cha faili ya PGP inatosha, huna haja ya kuzima programu. Nikabonyeza C. Meza zikanakilika. Mkono ukatulia.

Siku ya pili nilichapa.

Kazi ilikuwa karatasi sita za A1, mteja anazisubiri, na mimi sikuangalia onyesho la awali kabla ya kuzituma. Ukiwa na haraka unaamini mazoea. Plota, ile printa kubwa ya michoro, ikaanza kuvuta karatasi, na kijana mmoja aliyekuwa amesimama karibu nayo akaita, "Kaka, hii umechora au umepaka rangi?" Nikaenda. Kuta zilikuwa njano. Vipimo vyekundu. Mistari ya katikati samawati. Na mistari yote, ukuta wa nje na mshale wa kipimo, unene mmoja, hata hujui kipi kimekatwa na kipi kiko mbali.

Kwa asiyejua: wengi wetu tunachora kwa rangi ili unene uamuliwe baadaye, wakati wa kuchapa. Kuna faili ya .ctb, ndani yake mitindo 255, mmoja kwa kila namba ya rangi. Nyekundu kwangu inachapwa nyeusi yenye unene wa milimita 0.18, njano nyeusi ya 0.35, na kijani 0.25. Kwenye skrini mchoro ni kama kanga, kwenye karatasi ni wino mweusi uliopangika. Mchoro wenyewe haubebi faili hiyo. Unabeba jina lake tu. Ukifika kwenye kompyuta isiyo na faili yenye jina hilo, kila mstari unatoka kwa rangi ulizochorea. Anwani tena. Nilikuwa nimeona siku iliyotangulia kwamba profaili ni mkusanyiko wa anwani, nikadhani somo limekwisha hapo, kumbe hata mchoro nao una anwani zake.

Nikaleta ile .ctb na kuiweka kwenye folda ya Plot Styles. Ukiandika STYLESMANAGER programu yenyewe inakufungulia folda hiyo, huhitaji kuitafuta. Karatasi tano zikatoka safi. Ya sita haikutoka kabisa. Ilikuwa mkato mrefu wa barabara, na kwa ajili yake nilikuwa nimetengeneza ukubwa wangu wa karatasi, milimita 594 kwa 1500, ili usikatwe vipande viwili. Ukubwa ule haukuwepo kwenye orodha. Nilikuwa nimekwisha kuleta faili ya plota, ile ya .pc3, na jina la plota lilionekana vizuri. Ila ukubwa wa karatasi niliojitengenezea hauishi kwenye .pc3. Unaishi kwenye faili nyingine, .pmp, ndani ya folda ndogo inayoitwa PMP Files, na .pc3 inachojua ni mahali .pmp ilipo. Nilitumia karibu saa nzima kabla ya kuelewa hilo. Hata baada ya kuleta .pmp bado haikusaidia, kwa sababu .pc3 ilikuwa inakumbuka njia yenye jina la mtumiaji wa zamani. Dawa yake: unafungua .pc3 kwenye dirisha lake la kuhariri, unakwenda sehemu ya PMP, unaiambatisha upya kwa mkono, unahifadhi. 594 kwa 1500 ikatokea kwenye orodha. Mteja alipata karatasi ya sita jioni.

Kati ya yote niliyopitia, hili la .pc3 na .pmp ndilo ninaloliona watu wakikwama mara nyingi. Menyu ikiharibika unaiona papo hapo ukiwasha programu. Vifupisho vinakugomea dakika ya kwanza. Lakini plota inasubiri mpaka siku una mteja mlangoni.

Siku ya tatu ilikuwa ya mambo madogo. Nilianza mchoro mpya bila kiolezo changu, nikajaza ukuta kwa michirizi ya matofali, na ukuta ukawa bonge jeusi. Programu ilikuwa inatumia vipimo vya inchi badala ya milimita, kwa hiyo ruwaza ilikuwa imebana mara 25.4 kuliko ilivyopaswa. MEASUREINIT ilikuwa 0, ikapaswa kuwa 1. Sekunde kumi kurekebisha, nusu saa kugundua. Lililonishangaza ni kwamba nilikuwa naamini kila kigeugeu cha mfumo (mpangilio wenye jina na thamani yake, kama MEASUREINIT) kingekuja na profaili. Sivyo. Vingine vinakaa ndani ya mchoro wenyewe, kama LTSCALE na MIRRTEXT, hivyo vinahama na mchoro hata usipotaka. Vingine vinakaa kwenye rejista ya kompyuta, kama OSMODE. Na vingine, kama EXPERT, havihifadhiwi popote. Ukizima programu vimekwenda na maji. Tangu siku ile siamini kumbukumbu ya mashine kwa vile ninavyovijali. Naviandika waziwazi kwenye acaddoc.lsp, faili inayosomwa kila mchoro unapofunguliwa, mstari mmoja kwa kila kigeugeu. Ni kazi ya kizamani kidogo, lakini naweza kuisoma kwa macho na kujua kilichomo, na rejista siwezi.

Na kwa kuwa nimeitaja acaddoc.lsp, niseme na hili la usalama. Mara ya kwanza faili zangu za LISP (lugha ya kujitungia amri ndani ya AutoCAD) zilipojaribu kujipakia kwenye kompyuta mpya, dirisha lilijitokeza kuniuliza kama naiamini faili hii. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Kufika ya saba nilikuwa tayari nimeandika SECURELOAD na kidole kiko juu ya sifuri, nizime ukaguzi wote nipumzike. Kilichonizuia ni kukumbuka Medre, ule mdudu uliotangazwa na kampuni ya ESET mwaka 2012. Uliandikwa kwa lugha ileile ya LISP, ukajipenyeza kwenye michoro ya watu kupitia faili za kujipakia, na kazi yake ilikuwa kutuma michoro hiyo kwa barua pepe nje ya nchi; walioumia zaidi walikuwa Peru. Mtu anakuzipia folda ya mradi, ndani mna michoro kumi na faili moja usiyoijua, wewe unafungua mchoro, faili inajipakia yenyewe kwa sababu iko folda moja na mchoro. Basi. Nikaiacha SECURELOAD ilivyo, nikaiongeza folda yangu moja ya LISP kwenye TRUSTEDPATHS, orodha ya folda zinazoaminiwa. Ukimalizia njia hiyo kwa mkwaju wa nyuma (\) na nukta tatu, folda zilizomo ndani nazo zinaaminiwa. Mimi sikuweka nukta tatu, kwa makusudi. Folda moja, faili ninazozijua kwa majina.

Alasiri ya siku hiyo yule kijana wa kwenye plota akaja mezani kwangu, akatazama daftari nililokuwa nikiandika orodha ya mafaili, akauliza kwa upole, "Kaka, kwani hukutumia ile Export AutoCAD Settings iliyoko kwenye menyu ya Start?"

Sikuwa nimeitumia. Sikuwa najua ipo. Nimefungua menyu ile kila siku ya kazi kwa miaka, nikabofya ikoni ileile moja, sikuwahi kutazama folda iliyoko chini yake. Chombo hicho kinakusanya mipangilio na kuitia kwenye zipu moja, nawe kwenye kompyuta nyingine yenye toleo lilelile unaiingiza kwa Import. Toleo lilelile, nasisitiza. Ukitoka toleo la zamani kwenda jipya kwenye kompyuta moja kuna chombo kingine, cha kuhamia. Kwa ukaidi wa mtu aliyekwisha kuumia nilikwenda kwenye mashine ya zamani, kabla haijaondolewa, nikatengeneza hiyo zipu, nikaifungua kuona imebeba nini. Ilikuwa na vifupisho, menyu, mitindo ya kuchapia, mambo mengi niliyoyasaka AppData kwa siku tatu. Ingeniokolea nusu ya kazi, naapa. Nusu nyingine isingeiokoa, kwa kuwa zipu haiwezi kuniumbia diski ya D.

Miezi michache baadaye niliombwa kuandaa kompyuta sita kwa mara moja, kila moja na mtumiaji wake. Safari hii sikuanza na kunakili. Nilianza na anwani. Nilitengeneza folda moja inayoitwa CAD kwenye mzizi wa diski ya C, kwa sababu C ipo kwenye kila mashine ya Windows niliyowahi kuigusa, na kwa sababu njia hiyo haina jina la mtu ndani yake. Humo nikaweka LISP, ikoni, fonti, violezo, bloku (vipande vya mchoro vya kutumia tena na tena), mitindo ya kuchapia, na plota pamoja na PMP zake. Kisha kwenye OPTIONS, ukurasa wa Files, nikaelekeza kila njia huko, nikatoa profaili kutoka hapo. Mtumiaji aitwe nani, haijalishi.

Watu wengine wanapenda kuweka yote hayo kwenye seva, ili ukibadilisha mara moja wote wanapata. Nimejaribu. Siku mtandao unayumba, programu inachukua muda kuwaka kwa sababu inagonga mlango wa seva kwa kila njia uliyoiorodhesha, na mchoraji anakuja kukuambia kompyuta yako mbovu. Mimi seva naitumia kama ghala: nakala kuu iko huko, na kila mashine inajinakilia kwenye C yake asubuhi. Kama mnayo seva imara isiyolala, fanyeni mtakavyo.

Vitufe vyangu nilivitoa kwenye acad.cuix kabisa. Amri ya CUI ina ukurasa wa Transfer, pande mbili ziko bega kwa bega: kushoto faili kuu, kulia faili mpya tupu, unaburuta vya kwako kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Vikawa faili ndogo inayojitegemea, inayopakiwa kwa CUILOAD. Acad.cuix ya kila toleo ibaki kama ilivyokuja. Katika kuburuta huko niligundua kwamba kati ya vitufe kumi na vinne, sita sikuwa nimevibofya kwa muda ambao hata siwezi kuukadiria. Kimoja kilikuwa cha kuandaa michoro kwa plota iliyokufa zamani. Sikuvihamisha.

Kosa nililolifanya kwenye zile sita lilikuwa moja. Mbili kati yake zilikuwa na toleo jipya zaidi, nami kwa haraka nikaibandika acad.pgp nzima ya kwetu juu ya ya kwao. Vifupisho vyetu vikafanya kazi. Vifupisho vya amri zilizokuja na toleo jipya vikatoweka, na dada aliyekuwa akiitumia moja ya mashine hizo alikaa karibu wiki akidhani toleo lake limekatwa vipande. Alipoleta malalamiko nilijua kabla hajamaliza sentensi. Ndipo nilipoanza kubeba mkia tu, ile mistari ya mwisho, badala ya faili nzima.

Kilichonisaidia kuliko yote safari hiyo kilikuwa karatasi. Nilichora A3 moja ya majaribio: mstari mmoja kwa kila rangi tunayoitumia, aina zote za mistari ya vituo na ya kufichwa, maandishi kwa kila fonti, jedwali dogo lenye maneno yanayojaa hadi ukingo, viraka vya michirizi vitano, bloku mbili, kipimo kimoja. Nikaichapa kwenye mashine iliyokuwa sawa. Halafu kila mashine mpya ilipokamilika niliichapa tena humo, nikaziweka karatasi mbili moja juu ya nyingine na kuziinua dirishani kwenye mwanga. Zikilingana, mashine iko tayari. Kwenye ya nne maandishi ya jedwali yalikuwa yamevuka mistari, herufi zimenenepa kidogo na kusogea. Fonti moja ya .shx haikuwa imenakiliwa, na programu ilikuwa imeweka fonti nyingine, simplex, mahali pake bila kelele. Kwenye skrini nisingeliona hilo. Dirishani lilionekana kwa sekunde mbili.

Nilifuta mashine ya zamani mwishoni mwa mwaka. Kabla ya kuifuta nilipita AppData mara ya mwisho, sasa nikiwa na macho, nikakuta faili ambayo haikuwa kwenye orodha yangu yoyote: sample.cus. Ni kamusi ya ziada ya kikagua tahajia. Kila mara programu ilipopigia mstari neno la Kiswahili kwenye mchoro, nami nikabofya liongezwe, neno lilikwenda kukaa humo. Nikaifungua kwa Notepad. Neno moja kila mstari. UKUMBI. STOO. KIBARAZA. VARANDA. NGAZI. MSINGI. LENTA. Miaka ya kazi imepangwa wima, kama orodha ya vifaa.

Na katikati, DIRSHA.

Nililitazama kwa muda. Siku fulani, pengine usiku, pengine na mteja kwenye simu, programu iliniambia neno hili si sahihi, nami nikaiambia ni sahihi, iandike usije ukaniuliza tena. Haikuniuliza tena. Nilifungua mchoro mmoja wa zamani, nikaenda kwenye jedwali la milango na madirisha, nikatafuta. Lilikuwepo mara kumi na moja, limechapwa, limepigwa mhuri, limejengwa.